Hadithi za Uzaramo: Kinywani, Kitabuni, na Mtamboni

Mwaka 1870 Padre Edward Steere, wa Misheni ya Vyuo Vikuu iliyokuwa Unguja, alipigisha chapa mjini London kitabu cha hadithi za Waswahili, ukurasa mmoja Kiswahili na ukurasa wa pili Kiingereza. Alikuwa amefika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer, akakaa na watu wa mji, akawasikiliza, akaandika yale waliyomwambia. Baadaye, mwaka 1874, alifanywa askofu, na walimu wengi wasomao maneno haya wamjua zaidi kwa ajili ya kanisa la Mkunazini, lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Walakini mimi naona ya kuwa katika kazi zake zote, iliyosafiri mbali kuliko nyingine ni ile ya hadithi, na safari yake haijakoma hata leo.

Safari hiyo yatuhusu sisi tulio walimu na wachungaji katika viunga vya Dar es Salaam, mahali kama Kipawa, Ukonga na Pugu, ambako mtoto wa shule akitakiwa kuleta hadithi darasani haendi tena kwa bibi yake kwanza, bali huenda kwenye simu. Simu nayo humpa hadithi mara moja, kwa Kiswahili kilichonyoka, bila kusinzia wala kukohoa. Je, hadithi hiyo imetoka wapi, na ni ya nani? Hayo ndiyo maswali niliyokusudia kuyaandika. Sitaulaumu mtambo peke yake, maana kalamu yetu wenyewe ilitangulia.

Tutazame kwanza hadithi moja iliyomo katika kitabu cha Steere, ile ya punda wa dobi. Kima alikuwa na mkuyu wake ufukoni, nusu ya matawi juu ya nchi na nusu juu ya bahari. Kila siku alimtupia papa kuyu, hata wakawa marafiki. Papa akamwalika kwao, akampakia mgongoni, na walipokuwa katikati ya maji akamfunulia ya kuwa sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akajibu kwamba amesikitika kuambiwa habari hiyo amechelewa, maana moyo wake ameuacha mtini, kama ilivyo desturi ya kima wakisafiri. Wakarudi kuuchukua. Kima alipokwisha kupanda juu alikataa kushuka, na papa alipomsihi, ndipo akamsimulia habari ya punda wa dobi, aliyedanganywa mara mbili kwenda kwa simba, na ambaye sungura alitoa ushahidi juu yake kwamba hakuwa na moyo wala masikio, maana kama angalikuwa navyo asingalirudi mara ya pili.

Watu waliosoma vitabu vya Bara Hindi wanaijua hadithi hii, kwa kuwa imo katika Panchatantra, kitabu cha kale sana, na huko mwenye kumbeba kima ni mamba. Basi yaonekana ilivuka bahari kwa majahazi, pamoja na nguo na viungo, na ilipofika pwani yetu mamba wa mto akawa papa wa bahari, na mti ukawa mkuyu. Hata neno dobi lenyewe ni la Kihindi. Nimeyataja hayo kwa sababu wako wenzetu wapendao kusema kwamba hadithi ni yetu ikiwa tu haikutoka kwingine. Hadithi hii ilitoka mbali, nayo ni yetu kabisa. Ilifanywa yetu na mtu mmoja au wengi, wasiojulikana majina, waliokaa ufukoni wakawatia ndani yake papa waliyemwogopa na mti waliokaa kivulini mwake. Shaaban Robert naye alifanya vivyo hivyo kwa kalamu: kisa cha Adili na Nduguze, alichokitoa mwaka 1952, asili yake ni katika hadithi za Alfu Lela U Lela, wala hakuna Mswahili ambaye angesema kitabu kile si cha Shaaban Robert.

Sasa hadithi ile ilikwenda wapi baada ya mwaka 1870? Mwaka 1901 Mwamerika mmoja, George Bateman, alitoa Chicago kitabu cha hadithi za Unguja kwa watoto, na kima na papa na punda wamo. Kitabu hicho kilikuwa cha Kiingereza tupu. Haki yake ya uchapaji imekwisha zamani, kwa hiyo kimewekwa katika intaneti bila malipo, mtu yeyote akisome, na si mtu tu, hata mitambo.

Hapa lazima nieleze kidogo habari ya mitambo yenyewe, maana wengine wetu huisikia tu. Tangu mwezi wa Novemba 1922 hata Novemba 2022 ni miaka mia kamili. Na katika mwezi huo wa mwisho ndipo kampuni ya OpenAI ya Marekani ilipoufungulia watu wote mtambo wake uitwao ChatGPT, na mingine ikafuata. Katika Tanzania jina lililoenea ni akili mnemba. Wako wasemao akili bandia, na wengine akili unde, kutokana na kuunda. Mtambo huo hausikii wala haukumbuki kama mtu akumbukavyo. Umelishwa maandishi mengi kupita kiasi, ukahesabu ni neno gani huelekea kulifuata neno gani, na ukiulizwa huchagua neno baada ya neno kwa hesabu hiyo. Basi tabia yake hutokana na chakula chake. Katika maandishi ya intaneti yakusanywayo kwa kazi hiyo, Kiingereza peke yake ni karibu nusu ya yote. Kiswahili, ambacho husemwa na makumi ya mamilioni ya watu, hakifiki hata sehemu moja katika mia.

Kwa sababu hiyo kisa cha kima na papa chaweza kumrudia mtoto wa Kipawa kwa njia ya mzunguko: kimetoka kinywani mwa mtu wa Unguja, kikaandikwa na Mwingereza, kikasimuliwa upya Chicago, kikamezwa na mtambo, na mtambo ukakitafsiri tena kwa Kiswahili. Maneno yatakuwa ya Kiswahili, sarufi haina kosa, lakini mkuyu waweza kuwa mti tu, na papa kuwa samaki mkubwa. Na mtu akiuomba mtambo hadithi ya Kizaramo, pasipo kutaja zaidi, mara nyingi hupewa kijiji kisicho na jina, mzee mwenye hekima chini ya mbuyu, mtoto asiyesikia la mkuu, na mwisho funzo kwamba umoja ni nguvu. Mwalimu mvivu hufurahi. Mimi sijapata kumwona mzee wa Uzaramo aliyesimulia hivyo. Hadithi zao mara nyingi hazina funzo la kufundisha watoto adabu. Sungura hudanganya, hushinda, na watu hucheka.

Uzaramo una mahali na majina. Husimuliwa kwamba Pazi Kilama alikuwa mwindaji wa tembo aliyetoka bara, na Washomvi wa pwani walipoonewa na Wakamba walimwita awasaidie. Akaja na watu wake, akawafukuza Wakamba, na tangu hapo Washomvi wakawa na wajibu wa kumpa ada, na jina lake Pazi likawa cheo cha wakubwa waliomfuata. Kisa hiki ni kizuri kusikiliza, lakini kazi yake ilikuwa zaidi ya kupendeza: kilieleza kwa nini mtu wa bara ana haki pwani, nani ana deni kwa nani, na nani aliingia nchi kwanza. Kilikuwa hati ya nchi kabla ya hati za karatasi. Ukikitoa Pazi, ukawatoa Washomvi na Wakamba, ukabakiza shujaa mmoja aliyeokoa kijiji kimoja, umebakiza kitu, lakini si hati tena.

Nimesema kalamu ilitangulia, nami sina budi kuonyesha. Katika mahali pengi pa Afrika ya Mashariki hadithi ilikuwa kazi ya usiku, baada ya chakula, na watoto walikatazwa kuitaka mchana. Waliambiwa wataota pembe au mkia, na maana ya katazo hilo kila mtu mwenye shamba anaijua. Mwenye kutamba hadithi husema Paukwa, nao wasikilizaji huitika Pakawa, na wasipoitika haendelei. Ndani ya kisa mna wimbo, na wimbo huo si wa msimuliaji peke yake. Yeye huuanzisha na watu huupokea, na kila mara mnyama akimbiapo au binti aliapo wimbo hurudi. Msikilizaji ana kazi. Aweza kumkatiza msimuliaji, kumtania, kumwambia mbona jana ulisema fisi na leo wasema chui. Hadithi hufanywa na pande mbili.

Padre wa zamani alikaa mezani mchana, na msimuliaji mmoja mbele yake, bila watu wa kuitika. Msimuliaji alisema taratibu ili wino umfikie. Wimbo uliorudi mara saba uliandikwa mara moja, au uliachwa. Kuitika hakukuandikwa, maana hakukuwa na wa kuitika. Sisemi hili kwa kuwadharau waliofanya kazi ile. Pasipo wao tusingekuwa hata na hicho tulicho nacho. Nasema tu kwamba hadithi ilipofika kwenye mtambo ilikuwa imekwisha kupoteza nusu yake ya pili zaidi ya miaka mia na hamsini kabla, na waliompoteza msikilizaji walikuwa wapiga chapa wa misheni na wanachuoni wa Ulaya.

Jambo moja, hata hivyo, Steere aliliandika, na nalishukuru sana. Katika kumaliza hadithi baadhi ya wasimuliaji wake walitoa maneno ya kuagana, kwa maana hii: yaliyo mema katika hadithi ni ya watu wote, na yaliyo mabaya ni yake msimuliaji mwenyewe. Maneno hayo yafaa kufikiriwa. Mtu huyu alikuwa ameketi mbele ya watu wa mtaa wake, wanaojua jina lake na nyumba yake, naye anawaambia kwamba kama ameharibu, lawama ni juu yake. Mtambo unaweza kuyaandika maneno hayo hayo, lakini lawama haina mahali pa kuufuata. Ukitunga methali isiyokuwapo na kuiita ya Wazaramo, jambo ambalo mitambo hii hufanya pasipo kuona haya, hakuna wa kuitwa barazani.

Habari ya majina yanileta kwa mtu ambaye Wazaramo na Waswahili wote wangempa heshima kubwa kama wangemjua vizuri zaidi. Mtoro bin Mwinyi Bakari alikuwa mtu wa Dunda, karibu na Bagamoyo. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za mashariki, na huko ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya kitabu kiitwacho Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa mwaka 1903. Mna ndani yake habari za kuzaliwa, za jando, za harusi, za mazishi, na pia za Wazaramo na majirani zao. Lakini juu ya kitabu liliwekwa jina la Carl Velten, mwalimu Mdachi aliyekusanya maandishi hayo. Mtoro alitajwa ndani. Mwaka 1904 Mtoro alioa mwanamke wa Kidachi, na mwaka uliofuata hakuwa tena na kazi chuoni. Alikufa Berlin mwaka 1927. Jina lake halikupandishwa juu ya kitabu mpaka mwaka 1981, kilipotoka Marekani kwa Kiingereza kwa tafsiri ya J. W. T. Allen: miaka sabini na minane.

Ikiwa mtu aliyejua kuandika, aliyefundisha chuoni katika mji mkuu wa Wadachi, aliweza kusubiri jina lake miaka sabini na minane, itakuwaje kwa bibi wa Kipawa asiyeandika?

Kipawa ni kata ya Ilala, kando ya barabara ya zamani ya Pugu, ambayo sasa huitwa Barabara ya Nyerere. Wenye kupenda maneno watakumbuka kwamba kipawa ni kitu apewacho mtu na Mungu. Njia hiyo hiyo waliipita Wabenediktini walipokwenda kuanzisha misheni yao Pugu mwaka 1888, na mwezi wa Januari 1889, katika vita vya Abushiri, misheni ilivunjwa na wamisionari watatu wakauawa. Baadaye paliinuka Pugu ile shule ya Mtakatifu Francis, ambako Julius Nyerere alifundisha kabla ya kuacha ualimu mwaka 1955 kwa ajili ya siasa. Kiwanja cha ndege kilipojengwa upande huo, Uzaramo wa mashamba ukageuka kuwa viunga, na watu wa kila kabila wakaja kukaa. Mwaka 1997 mali za watu wa Kipawa, Kigilagila na Kipunguni zilithaminiwa ili wapishe upanuzi wa kiwanja. Wengi walingoja zaidi ya miaka kumi kabla ya kulipwa na kuhama, wengine wakaenda upande wa Pugu. Jengo la tatu la abiria lilifunguliwa mwaka 2019.

Habari za fidia zimeandikwa na wengi wenye ujuzi nazo. Mimi natazama jambo dogo lisiloingia katika hesabu za mthamini. Mthamini huhesabu vyumba, miembe, minazi, na makaburi. Hahesabu ua ambamo watu kumi walikuwa wakikutana jioni na kuitika Pakawa. Watu hao wakitawanywa, mmoja Pugu, mmoja Chanika, mmoja kwa mwanawe Mbagala, msimuliaji bado yu hai na hadithi bado anayo, lakini wa kuitika hawapo, na hadithi isiyoitikwa hukaa kimya. Mtu akiniambia kwamba simu ndiyo iliyoua hadithi Kipawa, nitamwuliza kwanza ua uko wapi.

Wala si kweli kwamba kila chombo cha umeme ni adui. Wazazi wa leo waliokua katika miaka ya 1980 wanakumbuka Radio Tanzania na kipindi cha Mama na Mwana, alichokiendesha Debora Mwenda, na jinsi watoto wa mtaa mzima walivyokusanyika penye redio moja. Redio haikuweza kusikia wakiitika, walakini waliitika hivyo hivyo, na sauti ilikuwa ya mtu mwenye jina. Na hivi leo hapo Kipawa VETA ina chuo chake cha kufundisha vijana ufundi wa kompyuta. Kwa maneno mengine, wajuao mtambo na wajuao hadithi wanakaa mwendo wa dakika chache wao kwa wao, na labda hawajaonana.

Nageukia sasa jambo lituhusulo sisi wa misheni kuliko watu wote. Mwanachuoni wa Ufini, Arvi Hurskainen, alianza mwaka 1985 kuifundisha kompyuta sarufi ya Kiswahili, na mkusanyo wa maandishi uliotokana na kazi ya Helsinki una maneno yapatayo milioni 25. Lakini kwa wingi ni magazeti, majadiliano ya Bunge na vitabu, si mazungumzo ya uani. Kwa lugha ndogo hali ni ya ajabu zaidi. Mwaka 2023 kampuni ya Meta ilitangaza mtambo wa kusikia na kusema katika lugha zaidi ya 1,100. Sauti hizo zote walizipata wapi? Kwa sehemu kubwa walitumia Agano Jipya, lililosomwa kwa sauti katika lugha hizo na kuhifadhiwa kwa kazi ya Injili. Tuseme wazi: kwa makabila mengi ya Afrika, kitabu ambacho mtambo umejifunzia lugha yao ni kile tulichokitafsiri sisi.

Mtu aweza kujivuna kwa habari hiyo, na sehemu ya moyo wangu imejivuna. Lakini lugha iliyojifunzwa katika Agano Jipya peke yake hujua kutubu na kusamehe, kupanda na kuvuna, mfalme na mtumwa, haijui kutania. Haimjui mtani ajaye msibani kuchekesha wafiwa, wala sungura ajidaiye kuwa mgonjwa, wala wimbo wa kumbembeleza mtoto. Wazee wetu wa misheni waliona vitu hivyo kuwa upuuzi, na wengine waliona ngoma na unyago kuwa upagani wa kuvunjwa, wakakataza, wala hawakuandika. Matokeo yake yamechelewa sana kuonekana. Na Kizaramo hakikupata hata hilo: katika lugha 200 za mtambo wa kutafsiri uliotolewa na kampuni ile ile mwaka 2022, Kiswahili kimo, Kizaramo hakimo. Tangu Kiswahili cha Unguja kilipochaguliwa mwaka 1928 kuwa Kiswahili sanifu, na Halmashauri ya Lugha kuanza kazi yake mwaka 1930, Wazaramo, walio karibu kuliko wote na Dar es Salaam, wamekuwa katika wale waliokiacha kilugha chao upesi zaidi.

Wako wasemao kwamba basi dawa ni kukusanya kila kitu haraka na kukitia katika intaneti, ili mtambo ujifunze vizuri. Kuna ukweli katika shauri hilo. Tangu mwaka 2021 watu wa kujitolea wanasoma sentensi za Kiswahili kwa sauti na kuzitoa bure katika mradi wa Common Voice wa Mozilla, na vijana wa Masakhane, wa nchi nyingi za Afrika, wanafanya kazi njema ya lugha zetu. Lakini nakumbuka Mtoro, nami nasita. Huko New Zealand Wamaori wana redio yao iitwayo Te Hiku. Mwaka 2018 walikusanya katika siku kumi saa zaidi ya 300 za sauti za watu wao, na makampuni yalipozitaka walikataa kuziuza, wakisema sauti hizo ni amana waliyopewa na wenyewe. Wakajifunza kutengeneza mtambo wao. Kwetu sheria haiko kimya kabisa: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda pia sanaa za jadi, hadithi na nyimbo zikiwamo, na atakayezitumia kwa faida nje ya desturi zake hutakiwa kupata ruhusa. Lakini sheria hiyo yahitaji mtu wa kushtaki, na nani atashtaki kwa hadithi isiyoandikwa ilikotoka?

Kisha si kila kitu ni cha kuandikwa. Mafundisho ambayo mwali wa Kizaramo hupewa ndani, nyimbo za mkole, na maana ya mwana hiti, ni mali ya wanawake, na hutolewa kwa msichana mmoja kwa wakati wake. Wanachuoni wameyaandika, Marja-Liisa Swantz, aliyekaa na Wazaramo wa pwani miaka mingi, alitoa kitabu chake mwaka 1970, na alifanya kazi yake kwa heshima kubwa. Lakini kitabu kilichomo katika maktaba ya chuo kikuu si sawa na simu iliyo mkononi mwa mvulana wa miaka kumi. Shauri langu kwa walimu ni kwamba hadithi za jioni ziandikwe, visa vya Pazi viandikwe, vitendawili na utani viandikwe, na mafundisho ya ndani yaachwe kwa makungwi, isipokuwa wao wenyewe wameamua vingine. Atakayeona neno hili la woga na alijibu katika kurasa hizi.

Basi mwalimu wa Kipawa au Kisarawe atakaye kuandika, na asiandike mezani. Aende jioni, aende na watoto wa shule, maana bila wao hatapata wa kuitika. Simu ile ile aliyoilaumu na iwekwe katikati ya mkeka, ichukue sauti. Msimuliaji aulizwe kwanza kama anakubali, na kama anataka jina lake litajwe au lifichwe, na hadithi yaweza kwenda mpaka wapi: darasani tu, gazetini, au duniani kote. Juu ya karatasi pawekwe mtaa alipokaa sasa na alipokaa kabla ya kuhamishwa, na alimsikia nani alipokuwa mtoto. Watoto wanapoitika, kuitika kuandikwe. Msikilizaji akibisha, ubishi uandikwe.

Wimbo utamsumbua kuliko vyote. Mara nyingi bibi asimuliaye kwa Kiswahili, akifika penye wimbo, hugeuka ghafula na kuimba kwa Kizaramo, na akiulizwa maana hucheka na kusema ndivyo uimbwavyo. Mwandishi atashawishika kuandika tafsiri peke yake ili darasa lielewe. Auandike kwanza kama ulivyoimbwa, kwa Kizaramo chake, kila mara uliporudi, hata kama umerudi mara saba. Tafsiri ifuate chini, na maneno ambayo bibi mwenyewe hakuweza kuyaeleza yaachwe bila tafsiri.